Maji ya Chai ya Madiwani

Siku madiwani walipokuja kukagua uwanja wa nyumba mia nne zilizokusudiwa kujengwa, Nelius aliamka akiwa mchangamfu hata jirani yake Wawira akaingiwa na wasiwasi. Ni mwanamke gani huimba asubuhi ambayo mto wake unapigiwa kura?

Mto wenyewe, tuseme kweli, ulikuwa mchanga mtupu. Huko chini ya mji wa Siakago ilikuwa Septemba, na maji ya juu yalikwisha kutoweka tangu Juni. Lakini chini ya mchanga yalikuwapo, na wanawake waliyafuata kwa kuchimba. Kisima cha Nelius kilikuwa shimo la kina cha mtu aliyesimama, limefunikwa kwa miiba ili nyani na punda wasilichafue. Alikuwa akilichimba na kulifukua kila kiangazi tangu alipoolewa. Sasa kampuni moja ya Nairobi ilitaka mchanga huo wa kujengea nyumba hizo na maji hayo ya kuwauzia watakaohamia. Mchanga ukizolewa, kisima kinakufa, na Nelius na mbuzi wake wahame. Wahamie wapi? Hakuwa na mahali, wala hakuwa na nia ya kupatafuta.

Madiwani waliketi chini ya turubai ukingoni mwa mto, wanawake wakakaa mbele yao. Injinia wa kampuni, Mwirigi, kijana nadhifu mzaliwa wa Kaaga, akafungua ripoti yake.

"Waheshimiwa, maji tulipima sisi wenyewe. Pampu ilivuta siku tatu mfululizo na hayakupungua."

"Mlipima lini?" Nelius akauliza.

"Januari, mama. Januari ya mwaka huu."

Wanawake wakatazamana. Januari ya 1998 mvua ya Elinino ilikuwa bado inamwagika, na mto ulikuwa umebeba mbuzi, migomba na daraja zima. Hata chura angepima akaona maji ni tele. Nelius hakutaka kubishana. Maneno madiwani walikwisha kuyapata katika barua tatu za kikundi cha akina mama, na zote zililala kwenye faili.

"Sawa," akasema. "Lakini hatuwezi kuanza bila chai."

Diwani Nthiga, mwenyekiti, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Katika miaka yake kumi na minne ya udiwani hakuwahi kuendesha mkutano bila chai, na kila mtu alijua.

"Moto umewaka, maziwa yapo. Maji ndiyo bado," Nelius akaendelea. "Na huku kwetu, anayeomba kisima huteka kwanza mbele ya mwenyewe. Injinia, mwanangu, mtungi ndio huu, na kibuyu cha kutekea ni hiki."

Mwirigi akavua koti na kushuka akicheka. Chini alikuta maji ya kujaza viganja viwili. Akayakwangua, akayamimina mtungini, akangoja mengine yachujike mchangani. Akangoja sana. Madiwani walitazama saa zao, kisha wakasogea mmoja mmoja hadi ukingoni, wakainama kuchungulia.

"Injinia, vipi huko?" Nthiga akaita.

"Yanakuja, mheshimiwa. Pole pole."

Saa mbili baadaye Mwirigi alipanda juu, magoti yamejaa mchanga. Mtungi wa lita ishirini haukuwa umejaa hata robo. Nelius alimwonea huruma, kwa maana alikuwa kijana mwaminifu aliyetumwa wakati mbaya.

"Unajaza mtungi mmoja kwa muda gani, mama?" Mwirigi akauliza.

"Asubuhi mpaka jioni. Ndio wa kupika, kuoga na kunyweshea mbuzi."

Mwirigi akaikunja ripoti. "Mheshimiwa, hii siwezi kuitetea. Sisi tulipima mafuriko."

Nelius akauinua mtungi, akausogeza karibu na sufuria. "Basi, mwenyekiti, haya ndiyo maji yangu ya leo. Ukisema nichemshe, nachemsha."

Nthiga akautazama mtungi, akawatazama wanawake, akalamba midomo iliyokauka.

"Yaache, mama," akasema. "Tuanze bila chai."

Alipouliza ni nani anaunga mkono nyumba mia nne, hakuna mkono ulioinuka. Nelius akashuka ukingoni, akarudisha miiba juu ya kisima chake.