Oili ya Mwalimu Bujiku

Mwalimu Bujiku alinifundisha hesabu darasa la tano kule Samuye, na tangu siku hizo hajakubali kwamba mwanafunzi wake anaweza kujua kitu ambacho yeye hakijui. Sasa amestaafu. Anaishi Ngokolo, nyumba chache kutoka gereji yangu, na ana Korola nyeupe iliyotembea kilomita laki tatu na elfu themanini na saba. Hizo ni zinazosomeka kwenye mita.

Mwezi wa sita alikuja asubuhi akiwa na daftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mbuke. Nina swali moja tu. Oili ya sintetiki na oili ya kawaida, ipi inafaa gari langu?"

Niliweka spana chini nikamweleza taratibu, maana namjua. "Mwalimu, gari lako linakula oili. Ringi za pistoni zimechoka, na sili ya nyuma, ile raba inayozuia oili isitoke, inavuja. Sintetiki ni nzuri, haichakai upesi. Ila hizi nyepesi zinazouzwa sana madukani zitapenya kwenye hiyo mianya haraka zaidi. Mimi ningekuwekea ya kawaida, ile nzito, tukawa tunaibadilisha mapema. Lakini uweke hii, uweke ile, kubwa kuliko yote ni kuipima kila wiki. Ikipungua unaongeza."

Aliandika kwa utulivu, kisha akapiga mstari kwa rula. Nikachungulia. Alikuwa ameandika: Sintetiki ni nzuri, haichakai upesi.

"Kwa hiyo jibu ni sintetiki," alisema.

"Sijasema hivyo, mwalimu."

"Umesema ni nzuri. Nimenukuu."

"Nimesema na mengine."

"Hayo mengine ni maelezo. Mimi niliuliza jibu." Akafunga daftari. "Hata mkwe wangu Davis, mume wa Ritha, yuko mgodini Geita. Anasema malori yao, yale makubwa kama nyumba, yanakunywa sintetiki tupu. Hayaharibiki."

Nilimwambia malori ya mgodini yana mafundi wanaoyakagua kila zamu. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea kugawanya.

Akaondoka bila kubadilisha chochote. Kesho yake akarudi, muuza vipuri wa sokoni kamwambia sintetiki inapasua sili za magari ya zamani. Nikamweleza kwamba haipasui, sili yake imekwisha zamani, oili yoyote itatokea hapo hapo. Akaenda. Keshokutwa akarudi tena, mzee mwenzake wa kanisani kamwambia ya kawaida inaacha masizi. Siku ya nne alishuka na galoni la lita nne la sintetiki, tena ile nyepesi kuliko zote dukani, akaliweka juu ya boneti.

"Weka hii. Nimeshafanya utafiti."

Nikamwaga ya zamani, nikaweka chujio jipya, nikaweka hiyo yake. Nilipomaliza nikachomoa kijiti cha kupimia nikamwita aje aone alama mbili, ya juu na ya chini. Alisimama mbali, mikono nyuma, asije akachafua shati.

"Fundi ni wewe, Mbuke."

"Lakini mwenye gari ni wewe, mwalimu. Mimi sitakuwepo huko barabarani. Na uchukue lita moja ya akiba kwenye buti."

"Davis amesema hii inakwenda kilomita elfu kumi bila kuguswa."

"Bila kubadilishwa. Hakusema bila kupimwa."

"Hujaacha ubishi wako wa darasa la tano," alisema, akawasha gari.

Ungefanya nini? Mtu aliyekushika mkono ukajifunza kugawanya huwezi kumwambia ana kichwa kigumu. Nilizunguka nyuma ya gereji, nikanywa maji, nikarudi kazini.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikiiona ile Korola ikipita kwenda Samuye shambani na kurudi, imepakia magunia ya mpunga hadi tairi za nyuma zimelala. Moshi wa buluu ulikuwa ukiifuata kama mkia. Mara mbili nilitoka barabarani nikampungia mkono asimame. Mara mbili alinipigia honi, akanipungia na yeye, akaendelea.

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, simu ikaita. Mwalimu na mkewe, Mama Edson, walikuwa wametoka alfajiri kwenda Geita kwenye ubatizo wa mtoto wa Ritha.

"Mbuke, tumeipita Kahama, tunakaribia Kakola. Kuna taa nyekundu imewaka hapa mbele yangu, ina umbo la birika. Sasa nataka kujua, ni kwa sababu sintetiki haielewani na gari hili, au..."

"Hiyo ni taa ya oili, mwalimu. Zima gari."

"Ngoja kwanza, nijibu. Kama ni sintetiki, basi nitajua..."

"Mwalimu, unaendesha?"

"Ninaendesha polepole."

Kwenye simu nilisikia injini ikigonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikapiga kelele mpaka wateja waliokuwa kwenye benchi wakasimama. "Zima! Zima gari, mwalimu! Zima!"

Halafu sauti ya Mama Edson, kali, kwa Kisukuma, sikuyapata maneno yote. Injini ikanyamaza.

"Ng'wanone," alisema Mama Edson, yaani mwanangu, simu sasa iko kwake, "ufunguo ninao mimi. Niambie nifanye nini."

Nilimwambia wasubiri dakika kumi, afungue boneti, atafute kijiti chenye kishikio cha njano kando ya injini, akichomoe, akifute kwa kitambaa, akirudishe mpaka mwisho, akichomoe tena. Alifanya hayo yote amevaa kitenge chake cha sherehe. Kwa mbali nilimsikia Mwalimu akisema kazi hiyo ina wenyewe.

"Oili imefika wapi, mama?"

"Haijafika popote. Pakavu. Kwenye ncha tu kuna weusi kidogo."

Nikafumba macho. Mwambie bodaboda yeyote, nilimwambia, akimbie Kakola akalete oili lita tatu, yoyote ya injini ya petroli. Baada ya nusu saa wakanipigia tena. Bodaboda kaleta ya kawaida, ile nzito. Na Mwalimu kasimama mbele ya boneti, hataki imwagwe.

"Huwezi kuchanganya!" Alikuwa ameichukua simu. "Ndani kuna sintetiki, hii ni ya kawaida. Vitaganda kama maziwa!"

"Havigandi, mwalimu. Zinachanganyika bila shida. Na kusema kweli humo ndani hakuna kilichobaki cha kuchanganya nacho."

"Kwanza nimpigie Davis."

"Davis anapika wali wa ubatizo saa hizi," Mama Edson alisema. "Atajua nini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, si mlisema Davis yuko na malori?"

"Ni mpishi wa mgodini, ng'wanone. Malori anayaona kwenye dirisha la jikoni."

Kumbe siku zote nne nilikuwa nikibishana na mpishi. Kisha nikasikia glug-glug ya oili ikimiminwa, na Mama Edson akimwambia mumewe asogee asimwagikiwe.

Walifika Geita saa nane, ubatizo umekwisha, watu wako mezani. Mtoto walimkuta amelala. Ritha alilia kidogo, kisha akawapakulia chakula. Mama Edson ndiye aliyenisimulia waliporudi, alipoleta gari mwenyewe nilitazame. Sikuwa na habari njema sana: beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zilikuwa zimeumia, na mpaka leo gari likiwashwa asubuhi linagonga kidogo kabla ya kutulia. Nikaweka oili ya kawaida nzito. Kila Jumamosi Mama Edson huipima mwenyewe kabla ya kwenda sokoni. Ikipungua anaongeza, na buti haikosi lita moja. Sasa imepita miezi minne na ile taa haijawaka tena.

Mwalimu hakusema pole wala asante, na kwa kweli sikungoja. Nilifurahi tu kwamba jambo limekwisha.

Jana asubuhi alikuja Mwalimu Thobias, naye mstaafu, rafiki yake wa miaka mingi. Anaendesha pikapu ya zamani iliyofungwa mlango kwa waya. Nikamwamkia, akaniitikia, akasogea karibu kama mtu mwenye siri.

"Nataka uniwekee ule mchanganyiko wa Bujiku. Nusu sintetiki, nusu ya kawaida. Ameniambia aliugundua mwenyewe kule Kakola, gari likawa linakwenda kama jipya."

Nilimwuliza pikapu yake imetembea kilomita ngapi.

"Sijui," alisema. "Mita ilikufa zamani. Lakini wewe niambie tu, mchanganyiko huo ni mzuri au si mzuri? Nataka jibu moja."

Nikavuta benchi, nikakaa kwanza.