Reli Haijagongwa

Tusidanganyane, ule haukuwa msitu wa kumtisha mtu. Njia yake ilikuwa tambarare, imemwagwa kokoto laini, na langoni paliandikwa kwa rangi ya njano kwamba inawafaa wazee, watoto, na mbwa waliofungwa kamba. Mlinzi wa lango, bwana mmoja ambaye tumbo lake hufika kabla yake, alimwambia msusi mmoja wa nywele, "Hapa, dada, anayepotea ni yule aliyekusudia kupotea."

Msusi akacheka ili mlinzi asione haya, lakini moyoni hakuwa na kicheko. Kupotea ndiko kulikokuwa kunamkosesha usingizi. Alikuja na baba yake na mbwa wao, Kiranja, aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kuona watu wametawanyika akanyamaza. Hata mgeni akiinuka sebuleni kwenda msalani, Kiranja humbwekea mpaka arudi kitini.

Kabla miti ile haijapandwa, mahali pale palikuwa machimbo ya mawe, na baba ndiye aliyekuwa fundi baruti. Miamba mikubwa kama nyumba ilivunjika kwa amri yake. Sasa akili yake ilikuwa inamtoroka kidogo kidogo. Jina la mkewe marehemu alilijua, la mbwa alilijua, ila la binti yake lilikuwa limempotea tangu mvua zilizopita. Alimwita "mama," kwa adabu, kama mtu anavyomwita mwenye duka. Msusi aliitika, kisha akaenda jikoni akalia huku bomba la maji limefunguliwa.

Mara ya mwisho mzee alipotoka peke yake, walimkuta amelala mtaroni. Kaka mtu akasema neno lake na akalisema mara moja tu, "Akipotea tena, mlango unatiwa kufuli. Simwokoti tena mimi." Muuguzi alikuwa na shauri jingine: mpelekeni alikokuzoea, chukueni na vitu vyake vya zamani, huenda akatulia. Msusi akapekua kabati akapata filimbi ya shaba aliyoitumia baba kazini. Akaivaa shingoni.

Filimbi ile aliijua tangu utotoni, au tuseme alidhani anaijua. Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa kilima, na akiisha kumpelekea baba chakula alirudi huko. Kila jioni aliisikia ikilia kwa mbali, kisha mshindo, vikombe vikagongana kabatini, na haukupita muda baba akaingia, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Kwa mtoto mambo yalikuwa mepesi: filimbi ikilia, baba anakuja. Alikua mtu mzima, akafungua saluni yake, na hesabu ile hakuifuta.

Mwanzo walitembea vizuri. Kila baada ya mwendo kidogo palikuwa na bango lenye picha na maelezo ya zamani. Kwenye picha moja ya wafanyakazi, mzee alisimama akagusa uso wa mtu mmoja kwa kidole. "Huyu mwongo sana," akasema, akacheka hadi akakohoa. Msusi akaona heri amekuja. Akasahau hata hofu yake.

Ndipo simu ikaita. Kaka.

"Mko wapi?"

"Msituni, kaka. Yuko vizuri, anacheka hata."

"Umemshika?"

Hakuwa amemshika. Alikuwa amempa kamba ya Kiranja, akageuka kidogo kuukwepa upepo. Mtandao ukawa unakatika, akasogea hatua mbili tatu akitafuta mahali pa kusikia. Alipogeuka, njia ilikuwa tupu.

Akakata simu bila kuaga. "Baba!" Hakuna. "Kiranja!" Kwa mbali Kiranja akabweka, upande gani hakujua.

Akajiambia asiwe na papara, wazee hawana mbio. Akashika filimbi, akapuliza kwa nguvu zote. Sauti ikapita kati ya miti, ndege wakaruka. Akasubiri kama alivyosubiri utotoni mlangoni. Baba hakuja, na Kiranja akawa amenyamaza ghafla; hilo ndilo lililomtia ubaridi, maana Kiranja hubwekea hata jani lililoanguka vibaya.

Akaenda mbele, akapuliza tena. Safari hii alisikia kitu: vichaka vikivunjika upande wa kushoto, mbali na njia, na nyayo za mtu anayekimbia. Zilikuwa zinakwenda, haziji.

"Baba, ni mimi! Njoo!"

Akaingia vichakani. Miiba ikamkwaruza mikono, kiatu kimoja kikabaki kwenye mizizi. Na upande ule, ndugu msomaji, ndiko liliko shimo lenyewe la machimbo. Watu waliacha kuchimba, mvua ikajaza maji, na sasa ni ziwa la kijani lisilo na ufuko: ukuta wa mwamba, kisha maji. Uzio wa waya ulikuwepo, ila nguzo zake nyingi zilikuwa zimelala chini.

Kwenye waya ilining'inia kofia ya baba.

Msusi aliichukua. Ilikuwa bado na joto la kichwa. Akapiga magoti, akatambaa mpaka ukingoni, akachungulia. Maji yalikuwa yametulia tuli. Aliyatazama akitafuta kiputo, shati, mkono, chochote, na huku anaomba asione chochote. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo maishani mwake. Aliogopa maji, akaogopa kaka yake, akamwogopa hata marehemu mama yake, atakayemuuliza siku moja, mume wangu ulimwachia nani? Akapuliza filimbi tena na tena, mpaka pumzi ikamkatika na midomo ikafa ganzi. Msitu ukazidi kunyamaza.

Simu pale haikushika kabisa. Akakimbia kurudi njiani, mguu mmoja peku, akitafuta namba ya mlinzi, maana alikumbuka imeandikwa chini ya kila bango. Bango la karibu lilikuwa kando ya kipande cha reli kilichotundikwa kwenye vyuma viwili, kumbukumbu ya machimbo. Akawa anafuata maandishi kwa kidole, na kabla hajafika kwenye namba akakutana na maneno haya: *Fundi baruti alipopuliza filimbi, kila mtu alikimbilia kibanda cha mawe, akajikunyata humo. Hakuna aliyetoka wala kuitika mpaka reli igongwe.*

Akayasoma tena.

Nyumbani, ng'ambo ya kilima, sauti ya reli haikuwahi kuwafikia. Miaka yote yeye alisikia filimbi na mshindo tu. Filimbi haikuwa ya kumwita mtu. Ilikuwa ya kumfukuza. Na yeye, kwa pumzi yake mwenyewe, alikuwa amemkimbiza baba yake kuelekea shimoni, na kila alipoongeza kupuliza alikuwa anamwambia: jifiche zaidi.

Akaokota jiwe, akaigonga reli. Mlio wake ulikuwa mzito, wa chini, ukatambaa ardhini. Akagonga tena, akagonga huku analia kwa sauti kama mtoto.

Kiranja akabweka.

Akaifuata sauti. Si mbali na uzio, chini ya majani yaliyotambaa, palikuwa na kibanda cha mawe, cha chini, mlango wake wa kuingia kwa kuinama. Baba alikuwa ndani, amechuchumaa, amemlalia mbwa kwa kifua. Mkono mmoja ndio kwanza ulikuwa umelegea kutoka kwenye mdomo wa Kiranja. Mkono mwingine ameunyoosha kando, ukutani, kama anayezuia watu wasikalie kiti cha mtu.

"Baba, reli imegongwa. Toka twende."

"Nimeisikia." Macho yake yalikuwa makali, ya kazini. "Lakini mimi sitoki. Mwanangu bado yuko nje."

Msusi akachuchumaa mlangoni.

"Saa hizi huwa ananiletea chakula," mzee akasema. "Mimi sijapuliza filimbi hata siku moja mtoto yule akiwa njiani. Hata siku moja! Nani kapuliza leo? Nimemwekea nafasi hapa. Nimemngoja, hakuja."

Msusi akaisukuma filimbi ndani ya gauni. Kisha akainama, akaingia, akajibanza kwenye ile nafasi kati ya mkono wa baba na ukuta. Haikumtosha. Ilikuwa nafasi ya mtoto. Akakunja magoti mpaka ikamtosha.

"Nimefika, baba."

Mzee akampapasa kichwani gizani, akazipitia nywele zake kwa vidole. "Umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Nisamehe."

Akamvuta, akamfunika kichwa kwa mkono mzima. Sikio la msusi likawa kifuani mwake, akausikia moyo wa baba unavyodunda. Muda wote ule alioogopa yeye, na mzee alikuwa humu ndani anaogopa vile vile, kwa ajili yake. Wakakaa hivyo, Kiranja akiwalamba wote wawili kwa zamu, ameridhika kwamba darasa limetimia.

Walipotoka, jua likampiga mzee usoni. Akapepesa macho, akapokea kofia yake, akamtazama msusi kuanzia nywele zilizojaa vumbi hadi mguu ulio peku.

"Asante, mama," akasema kwa adabu. "Mwanangu ametoka salama?"

Msusi akamshika baba mkono, akaushika barabara.

"Ametoka, baba."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

"Basi vizuri," mzee akasema, naye akaufumbata mkono ule. Wakaanza kurudi langoni, mbwa mbele.