Dengu za Kaka

Kaka yangu, fundi redio, anakula mchuzi wa dengu na karoti. Sisemi anaupenda, nasema anakula huo tu, kila jioni, mwaka wa tisa sasa, tangu mama yetu afariki na kazi ya kumpikia ikaniangukia mimi. Samaki hataki. Nyama usimtajie. Kila Jumamosi napika sufuria nzima, napakua kwenye makopo saba, nagandisha, nampelekea. Majirani wananicheka eti nina waume wawili. Waache wacheke, hawajawahi kumbembeleza yule mtu ale ndizi.

Basi daktari akampima, akasema damu imeshuka vibaya, na ikishuka zaidi atalazwa aongezewe. Vidonge alivyopewa vikamvuruga tumbo, akavitupa. Kikabaki chakula. "Maini," daktari akaniambia, "na mboga za majani." Maini! Kwa mtu ambaye karoti ikikatwa mviringo anauliza kulikoni?

Nikajitia ujanja. Nilichemsha maini, nikayasaga yakawa uji, nikayamwaga kwenye dengu, nikaongeza bizari ya kuua harufu. Nikaonja: huwezi kujua. Nikampelekea makopo yake huku najisifu njia nzima.

Jumatano nikapita kwake, chumba kimoja nyuma ya karakana. Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa, koleo mkononi, midomo imepauka. Kando yake mkate mkavu na maji. Nikafungua friji. Makopo sita yalikuwa kama nilivyoyaleta. La saba lilipungua kijiko kimoja.

Hasira zikanipanda. "Kaka, unataka kufa? Nimeshinda jikoni kwa ajili yako!"

"Umetia nini humo?"

"Maini, haya! Ningekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa je?"

Akaweka koleo chini. "Mchana kutwa nafungua vitu vya watu, sijui ndani nitakuta nini. Jioni nataka kitu ninachokijua. Chakula cha mtu mwingine nakichungulia kwanza. Chako, mdogo wangu, tangu mama afe, nilikuwa nakula tu."

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Miaka yote hiyo nilidhani nahangaika na ulimi wake tu.

Jumamosi iliyofuata nilimwita nyumbani, nikamkalisha kwenye stuli karibu na jiko. Kila kitu kilipita mbele ya macho yake kabla ya kuingia sufuriani. Mchicha aliunusa, akaugeuza, akasema, "Ukate mdogo mdogo, na uutie mimi nikiona." Maini akayasukuma mbali. Nami nikayarudisha. Tulivutana hivyo mpaka maji yakakaukia sufuriani, ndipo tukakubaliana: kopo moja kati ya saba, kifuniko chekundu, ayale akijua ni maini. Wiki ya kwanza kopo hilo lilirudi limejaa. Ya pili likarudi nusu. Sikusema neno, na anayenijua atakuambia hiyo si kazi ndogo. Ya tano likarudi tupu, limeoshwa.

Miezi mitatu baadaye daktari akasema damu imepanda, habari ya kulazwa imekwisha. Jioni hiyo nikaenda kwake na makopo yangu, mbio mbio, furaha imenijaa. Naye alifurahi. "Sasa mbu watanirudia," akasema, tukacheka wote. Kisha akapasha mchuzi wa kopo la kifuniko cheupe, lisilo na maini, akaumimina kwenye bakuli. Akavuta taa ya mezani, ile anayotumia kwa redio, akamulika ndani ya bakuli. Akazamisha kijiko hadi chini, akageuza taratibu, upande huu, upande ule.

"Bado, Kaka?"

"Bado kidogo."

Nikavuta kiti, nikasubiri amalize kuangalia.