Kamba Wadogo Warudishwe Majini

Mama Mitego alikuwa mtumbwini, anamwaga kamba kutoka mtegoni hadi ndooni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya ziwa lile la mlimani, aliposikia anaitwa kutoka ukingoni.

"We mama! Leta mtumbwi huku!"

Alikuwa Bwana Samaki, ofisa uvuvi. Jina hilo wavuvi walimpa wenyewe, na halikuwa la mapenzi. Mtumbwi ulipogusa ukingo, alichungulia ndoo, akamshika kamba mmoja mgongoni kwa woga, akamlaza kwenye rula.

"Huyu mchanga. Na huyu. Mama, unavua watoto?"

Mama Mitego alicheka, akidhani ni utani. Kamba wale wekundu wenye magando si wa ziwa lile hata kidogo. Mwenye hoteli ya kule juu ndiye aliyewaleta, awafuge bwawani awapikie wageni wake. Mvua ikajaza bwawa, nao wakashuka kwa miguu yao mpaka ziwani. Tangu siku hiyo wametafuna majani ya majini, wamekula mayai ya samaki, wamechimba kingo hadi maji yaliyokuwa yakionyesha mawe ya chini yamekuwa tope tupu. Samaki akinasa wavuni, usipomwahi unakuta kichwa na miiba, na wavu wenyewe umekatwakatwa. Ndiyo maana ofisi ya mazingira ilimpa mitego, ikamwambia awatoe wote, wakubwa kwa wadogo.

"Sheria inasema kiumbe yeyote asiyefika kipimo arudishwe majini," alisema Bwana Samaki. "Haikusema isipokuwa kamba." Akaufunga mtumbwi kwenye nguzo kwa mnyororo, akabana kufuli.

"Bosi, nyavu zangu ziko katikati ya ziwa! Nisipozitoa sasa hivi watazimaliza!"

"Rudisha wadogo, nakufungulia."

Haya. Nyavu ni nyavu. Mama Mitego aliinua ndoo, roho inamuuma, na hapo hapo sauti nyingine ikamdaka.

"Thubutu!" Ni Madam Mazingira, anateremka kwenye njia na buti zake safi. "Ukirudisha hata mmoja, mitego nachukua na kibali nafuta."

"Basi madam, mwambie mwenzio anifungulie."

"Yule si wa idara yangu."

"Niwaue, basi?"

"Ukiwaua umeharibu kidhibiti cha kesi yako," alisema Bwana Samaki.

"Niende nao nyumbani?"

"Kusafirisha kamba hai ni kosa," alisema Madam.

Jamani! Asirudishe, asiue, asiondoke nao. Mama Mitego alimtazama huyu, akamtazama yule, akabaki kaduwaa. Labda kuna kitu hakusikia vizuri. Labda ni yeye mzito wa kuelewa.

Aliambiwa asubiri barazani. Maofisa hao wawili wanakaa jengo moja, milango inatazamana, na kila mmoja aliingia kwake akafunga. Mama Mitego aliketi katikati, ndoo mapajani, kichwa kinamzunguka. Akigonga huku anaambiwa kagonge kule. Kule anaambiwa karani kaenda kupata chai. Akajiuliza kama anastahili hasira au anastahili kuomba radhi, na kama ni radhi, aombe kwa lipi.

Wifi yake, anayemsaidia kushona nyavu, alikuja anahema.

"Wifi, nimepanda jiweni. Maboya yanachezacheza! Samaki wamejaa!"

"Na kamba je?"

Wifi aligeuka. Akarudi mbio kwenye jiwe lake.

Jua lilikuwa limeshapinda aliporudi tena, safari hii polepole. "Maboya yametulia," alisema.

Mama Mitego alisimama. Akaipindua ndoo pale pale sakafuni, katikati ya milango miwili. "Tokeni mchukue vyenu!"

Milango ilifunguka kwa pamoja. Bwana Samaki alirukia kiti. Madam alishika buti lake, gando limelibana. "Waokote, mama!" "Usiwaguse!" Wakaanza kubishana kamba aliye juu ya sakafu ni wa idara ya nani, na kamba wenyewe, magando juu, wameshashuka ngazi, wanafuata mteremko kuelekea ziwani.

Ndipo Mama Mitego alipovua ndala. Hakufikiri. Alimpiga wa kwanza, akamfuata wa pili.

"Mama! Unaharibu kidhibiti!"

"Ndiyo, naharibu!" alisema, machozi yanamtoka, ndala inashuka. Wifi naye akavua yake.

Walipomaliza, alivaa ndala yake. Hakuna kamba hata mmoja aliyefika majini. Na mtumbwi nao haukufika kwenye nyavu.