Swali la Saba

"Udhaifu wako ni upi?" mama aliniuliza, akinitazama juu ya miwani iliyokosa mkono mmoja.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, gauni la Jumapili limepigwa pasi hadi likawa na makali. Mbele yake, juu ya meza ya kulia, ilikuwapo karatasi yenye maswali kumi na mawili aliyoyaandika kwa mkono wake nyuma ya orodha ya mashuka kutoka kazini. Nilikuwa nimeyapata mtandaoni nikataka kuyachapisha, naye akakataa. Alisema swali ukiliandika mwenyewe unajua linakotaka kwenda.

"Udhaifu wangu," nikajibu, kama nilivyofundishwa na video nilizozitazama, "ni kwamba ninajituma kupita kiasi."

Mama akavua miwani. "Huo udhaifu wa nani? Kitanda hujatandika tangu Alhamisi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikikumbuka kicheko kile sasa nataka kukiziba mdomo, maana kilikuwa kicheko cha watu wasiojua kinachokuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Shahada yangu ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha juu ya kabati, na miaka miwili ilikuwa imepita tangu niiweke pale. Kisha kampuni moja ya ushauri na teknolojia ikaniita kwenye usaili. Kazi yao, nilivyomweleza mama, ni kuingia kwenye kazi za watu, kutafuta mahali muda unapovujia, kisha kuleta mashine ya kuziba.

"Kwa hiyo ni mafundi bomba," mama akasema.

Kila Jumapili baada ya chakula tulifanya mazoezi. Mama alikuwa bosi. Alinitoa nje nibishe hodi, akanikaribisha kwa sauti ya puani, kisha akaanza na la kwanza: tuambie wewe ni nani. Alipofika la saba alipitisha kidole akaliruka. "Hili halikuhusu. Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho? Ya mwisho ipi, na ya kwanza hatujaiona?"

Niliitaka kazi ile kwa sababu ya miguu yake. Nalisema hili waziwazi, si kwa kujitetea. Mama alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia nyuma ya hospitali, na alikuwa amesimama kwenye sakafu ile ya saruji tangu nikiwa darasa la pili. Akivua viatu jioni, kidole ukikibonyeza kwenye kifundo chake cha mguu kiliacha shimo, na shimo lilichukua muda kujaa. Nikipata kazi, ataketi. Hilo ndilo nililojiambia kila hatua, hata ile niliyopaswa kurudi nyuma.

Walikuwa wapiga pasi wanane, na mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nawajua wote, lakini anayehusika hapa ni mmoja, waliyemwita Bi Foronya. Miaka sita kabla ya haya, mashine ya kubana mashuka ilimbana mkono wa kulia. Mkono ulipona, vidole vikabaki vimejikunja, haviwezi kushika pasi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mwenye kiwanda angejua hilo, angemwambia asante, nenda nyumbani.

Basi hakujua. Tangu enzi na enzi wapiga pasi wale walikuwa na utaratibu wao. Kila shuka lililokwisha lilikwenda kwenye rundo moja katikati ya chumba, na saa kumi meneja alishuka kuhesabu rundo, si watu. "Rundo halina jina," walisema. Wanawake saba walipiga pasi ya wanane, na Bi Foronya akatafuta madoa, akakata nyuzi, akawasimulia vituko vya mtaani ili siku iende. Meneja akipita, yeye husimama nyuma ya meza yake, pasi mkono wa kushoto, akipitisha juu ya foronya moja ya bluu. Ilikuwa foronya ile ile kwa miaka sita. Ilikuwa imepauka ikawa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga, na meneja hakuwahi kuuliza kwa nini haiishi.

Mama alinihadithia hayo mezani zamani, nikiwa bado shuleni, akicheka mpaka akashika mbavu. Alinihadithia kwa sababu mimi ni mwanawe.

Usaili ulikuwa wa hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa mtihani wa kompyuta, nikafaulu. Ya pili yalikuwa mazungumzo, ghorofa ya tisa, na bwana mmoja mpole aliyevaa viatu vya kahawia. Nilijibu maswali yote ya mama, isipokuwa la saba. Alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Unaongea vizuri," akasema. "Lakini wote mnaongea vizuri. Hatua ya mwisho niletee mahali pa kweli. Nionyeshe kitu ambacho meneja wa mahali hapo mwenyewe hakijui."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wiki moja. Niliandika kuhusu kiwanda cha kufulia, nilijua nini kingine? Niliandika jinsi wapiga pasi wanavyokaa bure asubuhi wakisubiri mashine ya kukausha, na muda ule nikaupa jina: saa hewa. Mama alilipenda neno lile. Siku nzima alilitembeza nyumbani. Nikichelewa kuosha vyombo, "hiyo ni saa hewa." Maharage yakikataa kuiva, "saa hewa."

Lakini kusubiri mashine ya kukausha ni jambo ambalo meneja yeyote analijua. Siku moja kabla ya usaili, mama akiwa kazini, nilikaa mbele ya kompyuta ya kuazima nikaongeza ukurasa wa kumi na moja. Nilichora miduara minane, mmoja mtupu.

Na kesho yake, nilipofika kwenye ukurasa ule, chumba cha ghorofa ya tisa kikaamka. Watu watano walikuwa wameketi upande wa pili wa meza ya kioo. Niliwaeleza rundo lisilo na jina. Niliwaeleza foronya ya bluu. Wakacheka, kicheko kizuri, cha watu walioburudika, nami nikacheka nao. Nilipendekeza kila mfanyakazi aingie kwa alama ya kidole, na kila shuka lihesabiwe kwa mtu wake.

"Hapa ni mahali pa kweli au umetunga?" akauliza bwana wa viatu vya kahawia.

Ningeweza kusema nimetunga. Neno moja tu, na lisingenigharimu kitu. Lakini niliogopa wataniona mwongo, nikataja kiwanda. Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Waliniomba niwaachie nakala. Baada ya wiki mbili walinitumia barua fupi: wamefurahishwa sana na kazi yangu, lakini wamempata mtu mwenye uzoefu zaidi. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati pamoja na shahada. "Riziki haivutwi kwa kamba," akasema, akanipakulia chakula.

Miezi miwili ikapita. Siku moja mama akarudi kutoka kazini, akakaa bila kuvua viatu.

"Leo tumepata wageni," akasema. "Wana kompyuta na kidubwasha cha kubonyeza kidole. Hawakuzungukazunguka hata kidogo. Waliingia moja kwa moja hadi kwenye rundo, halafu wakaenda kwenye meza ya Bi Foronya, wakainua ile foronya. Mmoja akamwambia mwenziwe, hii hapa."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikumbuki niliiweka wapi.

"Kuna bwana ana viatu vya kahawia," mama akaendelea, taratibu, "alikuwa anamweleza meneja. Akasema, shida yenu hapa ni saa hewa."

Hakunitazama. Alikuwa akifungua kamba za kiatu, na fundo lilikuwa limekaza.

"Mama," nikaanza.

"Pakua chakula. Nina njaa."

Nilitaka anipige. Nilitaka atukane, alie, anifukuze nyumbani, chochote ambacho kingenipa nafasi ya kupiga magoti. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, akaenda kulala.

Kesho yake nilipanda ghorofa ya tisa. Sijui nilidhani nitafanya nini. Mhudumu wa mapokezi alinipa fomu ya wageni, na kwenye sehemu ya "sababu ya kuja" nikaiacha wazi. Bwana wa viatu vya kahawia alitoka, akanisikiliza tumesimama kando ya chombo cha maji. Nilimwomba ukurasa wa kumi na moja. Nilisema nilikosea, haikuwa kweli, nilitia chumvi.

"Tumeshakwenda kuona," akasema kwa upole. "Ilikuwa kweli kabisa. Kazi safi sana ile." Kisha akanikumbusha kwamba siku ya kwanza nilitia sahihi karatasi: chochote nitakachowasilisha kitakuwa mali ya kampuni. Ni kweli, nilitia. Sikuisoma. Nilikuwa nikifanya mazoezi ya kutabasamu. Akanipa glasi ya maji, nami, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya, nikanywa.

Mashine ya kidole iliwekwa Jumatatu. Rundo likawa marundo manane madogo, kila moja na jina lake, na la nane, la Bi Foronya, lilikuwa sakafu tupu. Wenzake walijaribu kumtupia shuka moja moja, mashine ikakataa. Bi Foronya alidumu wiki tatu.

Jumapili iliyofuata alibisha hodi kwetu. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika na amebeba vyeti vyake ndani ya ile foronya ya bluu. Wenzake walimpa aende nayo. Mama ndiye aliyemwita. Nyumba moja ya wageni ilikuwa inatafuta mtu wa kukagua mashuka, na usaili ulikuwa Jumatano.

"Mwanangu, mama yako anasema wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya," Bi Foronya akaniambia, akanishika bega kwa mkono wake mzima. "Mimi usaili sijawahi. Zamani ulikuwa unaulizwa kama unaweza, unasema naweza, kesho unaanza."

"Pole sana, mama mdogo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Tumeshapoa. Lakini aliyetusema ni mmoja wetu, hilo nina hakika. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo ndiyo kazi yetu." Akacheka, na meno yake yote yakaonekana. "Na wewe, bado hujapata? Usikate tamaa. Kila siku nakuombea."

Mama alitoa kiti cha plastiki, akanionyesha nikae. Bi Foronya akakaa ng'ambo ya meza. Kisha mama akatoa mfukoni ile karatasi ya maswali kumi na mawili, akailainisha kwa kiganja, akaiweka mbele yangu. Yeye mwenyewe akasimama kando ya dirisha, kwa miguu yake ile ile.

Nilianza. Tuambie wewe ni nani. Kwa nini unaitaka kazi hii. Alijibu vizuri kuliko nilivyowahi kujibu mimi, kwa sababu alijibu kweli. La sita lilikuwa, udhaifu wako ni upi?

Akauinua mkono wa kulia kutoka mapajani, akauweka mezani kati yetu. "Huu hapa," akasema.

Niliinamisha kichwa kwenye karatasi. Maandishi ya mama yalikuwa makubwa na wazi. Nilipitisha kidole juu ya mstari uliofuata, nikafungua mdomo kusoma la nane.

"Umeruka moja," mama akasema.