Kisanduku cha Chiriku

Dekio jipya lilikuja na ndoo yenye kanyagio: unakanyaga, linazunguka, linajikamua lenyewe. Mama Chiriku alilijaribu sebuleni akaridhika. Vibanio vya nguo alivyonunua pamoja nalo vilikuwa takataka tupu. Vilikatika kabla shuka halijakaa sawa kambani. Mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha, mzuri, hauvujishi. Alikuwa mtunza stoo kiwandani, na tangu binti yake aondoke, mawazo ya namna hiyo ndiyo pekee yaliyokuwa hayamchoshi.

Binti huyo, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, aliondoka mwaka juzi baada ya baba yake kumwambia achague: nyumba hii au yule dereva wa lori. Akachagua. Akabadilisha na namba ya simu.

Kitu kimoja hakukibadilisha. Ukifungua akaunti ya filamu kwenye runinga, vilitokea visanduku vitatu vya majina: Baba, Mama, Chiriku. Na cha Chiriku kilikuwa kinatembea, maana huko alikokuwa bado aliitumia akaunti ileile. Leo ungekuta tamthilia ya wapelelezi imefika sehemu ya nne, kesho ya tano. Mama naye akaitazama, akimfuata nyuma. Mpelelezi mwenyewe bure kabisa. Muuaji alikuwa daktari wa meno, hata kipofu angeona. Ile ya mashindano ya mapishi ilikuwa afadhali. Hakulia wala hakufurahi. Alijua tu kwamba mwanawe yu hai na ana umeme. Hakumwambia mtu.

"Mama Chiriku, hii akaunti naifunga wiki hii," alisema mumewe, fundi wa friji, akimenya chungwa. "Nimepata kampuni nyingine, ina mpira, ligi zote."

"Mpira wa nini, na timu yako kila siku inafungwa?"

"Nataka niione ikifungwa. Humu mna nini? Watu wanauana, halafu wanapika keki."

"Iache."

"Kwa nini?"

"Nimesema iache."

Mzee akacheka. "Uteja wa tamthilia umekupata ukubwani, mke wangu."

Kesho yake Mama Chiriku aliporudi kutoka kazini alifungua runinga kabla hata ya kuvua viatu. Kwenye kisanduku cha Chiriku hapakuwa na wapelelezi wala keki. Palikuwa na katuni: bata wa njano anaoga kwenye beseni, anaimba habari za sabuni. Chini yake, kondoo wanaruka uzio. Vitu ambavyo mtu mzima hatazami hata kwa kulipwa.

Aliketi kwenye mkono wa kochi, akatazama mpaka bata akajifuta maji. Mtoto wa kutazama hivi ameshajua kukaa, aliwaza. Labda ana meno.

Akachukua rimoti, akafungua kisanduku chake mwenyewe, akafuta jina la Mama. Akaandika Bibi, herufi moja moja. Kisha akaenda kumenya viazi.

Jioni mumewe aliwasha. "Bibi ndiye nani humu?"

"Mimi."

"Bibi wa nani?"

Alimfungulia kisanduku cha Chiriku. Bata akaoga. Mzee akaketi.

"Amekupigia?"

"Hajapiga. Anatazama tu, siku zote hizi. Sasa anamwekea mtoto."

"Na jina lako ataliona?"

"Akifungua tu."

"Akiliona akakimbia, je?"

"Basi atakuwa amekimbia."

Kisanduku kikaganda. Siku ya kwanza, ya pili. Mama Chiriku alikwenda kazini, akapokea magaloni, akanunua taa ya jikoni ambayo mwanga wake ulikuwa wa mochwari. Kila jioni mumewe aliuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Habari ya mpira haikutajwa tena.

Siku iliyofuata, kondoo walikuwa wamesogea. Wameruka mpaka katikati.

"Ameliona?" mzee aliuliza.

"Ameliona."

"Na hakuondoka."

Mama Chiriku alimwambia asogee, akaketi, akairudisha katuni mwanzo. Wakatazama kondoo wakiruka mmoja mmoja mpaka pale mtoto alipoishia. Hapo wakazima.