Dirisha Ndani ya Yakuti

Mimi ni dalali wa vito hapa mjini Chanthaburi, na kama kuna kazi inayomaliza ndala kuliko hii, sijaisikia. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili wanunuzi wanakodi meza zao barabarani, wanakaa chini ya feni, na sisi madalali tunawazunguka na vikaratasi vyetu vilivyokunjwa, kila kimoja na jiwe la mtu ndani. Ukishinda siku nzima unatazama mawe, jioni macho yanalewa. Naona wekundu kwenye nyuso za wapita njia, naona kijani juu ya wali. Usingizini natembea ndani ya jiwe, polepole, kama ndani ya maji yaliyotulia, sizami wala sifiki. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia kwamba nataja bei nikiwa nimelala, na sikuwahi kumbishia.

Mnunuzi ninayemwogopa kuliko wote ni Dada Wilaiwan. Ni mjane kama mimi, na meza yake haijahama tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu wanampelekea mawe hata wasiotaka kuuza, ili wasikie tu atasema nini. Rangi haimshughulishi sana, anasema rangi hata mtoto anaiona. Anachotazama ni mkato. Atalishika jiwe kwa kibano, atalilaza huku kidogo, atalilaza kule kidogo, kisha ataliweka juu ya gazeti. Jiwe lililokatwa vizuri linaumeza mwanga na kukurudishia. Lililokatwa vibaya lina uwazi katikati, mwanga unapita mpaka chini, na herufi za gazeti unazisoma humo kama kupitia chupa. Uwazi huo sisi tunauita dirisha. Akiliona, Dada Wilaiwan analisukuma jiwe likurudie na kusema, "Mwambie mwenyewe atafute pazia." Meza zote zinacheka, na wewe dalali unaondoka umefyata mkia.

Wakataji wengine wanaliachia jiwe tumbo chini ili lizidi uzito kwenye mizani. Hao anawaambia kwamba akitaka minofu ataenda buchani.

Sasa, mama huyu ana binti mmoja tu, Orathai, na Orathai alimpenda mkataji wa mawe anayeitwa Thanu. Kijana mtulivu, hana wazazi, amepanga chumba juu ya karakana karibu na mto. Orathai alipomtaja nyumbani mimi nilikuwepo, tunakula tambi za kaa. Dada Wilaiwan alimaliza kwanza kilichokuwa mdomoni. Halafu akasema kwamba siku atakayonunua jiwe la Thanu pasipo kuambiwa kuwa ni la Thanu, siku hiyo atamkaribisha kama mkwe. Akanigeukia akaniambia mimi ndiye shahidi. Orathai aliweka vijiti chini na hakula tena. Nilimhurumia mtoto yule, lakini unamwambia nini Dada Wilaiwan?

Kwa sheria ya soko letu, dalali hamtaji mwenye jiwe. Kwa hiyo Thanu akaanza kunipa mawe yake, na mimi nikawa nayapeleka kimya kimya, na yote yakakataliwa. Moja lilikuwa na dirisha. Jingine tumbo. Jingine nyuso zake ndogo ndogo hazikukutana vizuri kwenye ncha, ukiligeuza mwanga unaruka upande mmoja. Kila mara nilimrudia Thanu na maneno yote, hata matusi, na kijana aliyasikiliza kama anasomewa dawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli. Jiwe lililofuata halikuwa na kosa la jiwe lililotangulia. Miezi ikapita hivyo. Orathai alikuwa ananisubiri kwenye kona kila Jumapili, ananitazama usoni tu, kisha anaondoka bila kuuliza.

Mwisho Thanu akauza pikipiki yake akanunua yakuti moja ghafi ya buluu, ya udongo wa kwetu hapa, iliyotoka chini ya shamba la doriani. Mawe ya kwetu yana giza. Buluu yake ni nzito, kama usiku umeanza humo kabla ya saa zake. Hata kabla jiwe hilo halijakatwa, nilipolitazama kwenye dirisha la chumba chake nilisahau nilichokuja kusema. Aliniambia kwamba hili ndilo, akishindwa na hili hana kingine cha kuuza.

Alilikata akanipa Ijumaa moja asubuhi. Nilipolifikisha mezani Dada Wilaiwan aliligeuza kwa muda mrefu. Hakuna dirisha. Hakuna tumbo. Nyuso zimekutana sawasawa. Aliliweka juu ya gazeti na hakuna hata herufi iliyoonekana. Nikajifanya natazama feni. Kisha akainuka, jambo ambalo halifanyi, akatoka na jiwe mpaka ukingoni mwa barabara kwenye mwanga wa mchana, akasimama nalo pale. Mvua ilikuwa karibu, mwanga ni ule mweupe mpole wa kabla ya mvua, na watu walimpita kushoto na kulia kama maji yanavyopita mti. Aliporudi hakukaa mara moja.

"Jinda," akaniambia, "aliyelikata jiwe hili, nani alimtisha?"

Akanionyesha mwenyewe. Jiwe lilikuwa limelala. Kwa kuogopa dirisha, mkataji alilikata kirefu kwenda chini, na rangi ile nzito ikarundikana juu ya rangi, mpaka katikati pakawa peusi kabisa. Jiwe la giza, akasema, hukatwa jembamba, mwanga uingie na utoke upesi kabla haujazama. Hata likibaki na dirisha dogo, bora hivyo. Nikamwambia kwamba tangu nimfahamu sijamsikia akimsamehe mtu dirisha. Akatazama mikono yake.

Ndipo akafanya nisichokitegemea. Akachukua kalamu, akaandika bei juu ya kikaratasi, bei nzuri kuliko jiwe lenyewe, akakifunga kwa selotepu pande zote na kusaini juu ya selotepu. Kwetu hiyo ni ahadi. Kikishafungwa hivyo, jiwe haliruhusiwi kutazamwa na jicho jingine mpaka mwenyewe aseme ndiyo au hapana. Akikubali, basi limenunuliwa. Akiivunja selotepu, bei imekufa. Nilikwenda karakanani nikikaribia kukimbia, na umri huu wangu, huku mvua inaanza kunidondokea.

Thanu aliposikia kwamba limefungwa alikaa chini kwenye ngazi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kisha akaniuliza Dada Wilaiwan alisema nini. Wallahi ningefunga mdomo siku hiyo mambo yangekwisha pale pale. Lakini nimezoea kumletea maneno yote, nikamwambia yote, mpaka lile la nani alimtisha. Cheko likamwisha. Akakishika kile kikaratasi muda, akikigeuza tu mkononi.

"Shangazi, ananinunulia kosa langu kwa huruma," akasema. "Nitaingiaje nyumbani kwake?"

"Kwa miguu," nikamwambia. "Ingia kwa miguu kama watu wengine. Sema ndiyo."

Akaivunja selotepu. Niliisikia ikichanika, nami nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Nilimkumbusha pikipiki, nilimkumbusha Orathai pale kwenye kona. Thanu alilitazama jiwe mlangoni, kwenye mwanga wa mvua, akaliona mwenyewe jinsi lilivyolala. Akalibandika kwenye fimbo yake ya kushikia mawe, akaketi, akaliwasha gurudumu la kukatia.

Nilikaa kwenye kiti chake kibovu nikiwa na hasira. Mvua ilipiga bati, gurudumu likaimba wimbo wake mmoja, maji yakadondoka tone tone juu ya chuma, na mimi nikachukuliwa na usingizi. Niliona mto umepanda ngazi na kuingia chumbani, wa buluu, hauna sauti. Marehemu mume wangu amekaa ndani yake anakula chungwa. Akaniambia njoo, si kina kirefu. Nikamuuliza mbona mguu wangu haufiki chini, akacheka. Nilifurahi sana kumwona, sijui kwa nini sikumuuliza jambo la maana.

Niliposhtuka Thanu alikuwa amesimama mbele yangu amekiweka kiganja wazi. Jiwe lilikuwa limepungua, jembamba, dogo kuliko asubuhi. Lakini lilikuwa macho. Buluu yake ilikuja juu kabisa, ikatembea kila alipotikisa mkono. Na katikati, palipo pembamba zaidi, niliona mstari wa kiganja chake. Dirisha. Dogo, lakini dirisha.

Akaniambia nilipeleke hivyo hivyo. Nikamwambia kwamba bei imekufa, na yule mwanamke hajawahi kutoa bei kwa dirisha tangu azaliwe. Akasema anajua, na kwamba afadhali akataliwe kwa jiwe lililo zuri.

Nilifika soko linaanza kufungwa. Barabara ina maji, feni zimezimwa, wanunuzi wanafuta meza. Dada Wilaiwan aliiona selotepu iliyochanika kabla sijafungua mdomo, na uso ukambadilika. Majirani zake wawili wakaacha kufuta wakageuka. Nililiweka jiwe mbele yake nikarudi nyuma hatua moja. Akalilaza huku, akalilaza kule, akaliweka juu ya gazeti. Herufi ikaonekana katikati, wazi, hata mimi nikaiona kutoka nilipokuwa. Nikasubiri habari ya pazia.

Haikuja. Aliendelea kulitazama. Buluu ilimpanda kwenye vidole na kwenye mashavu, na kwa kitambo akawa kama mtu aliyekaa mbali sana na sisi, anasikiliza kitu.

"Mwambie Thanu," akasema.

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu jiwe la pili. Ukibeba jiwe lake unatembea kama umebeba uji wa moto."

Hapo hasira zangu zote za siku ile zikapata mahali pa kwenda. Nikamwambia kwamba basi amemtesa mtoto wa watu bure, na binti yake mwenyewe pia, na kwamba mimi miguu yangu siyo ya chuma. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia. Aliniacha nikamaliza.

"Siyo bure," akasema. "Kila ukija nilikuwa naomba nilikute dirisha. Nikilikuta, moyo unatulia, maana Orathai atakula kwangu wiki nyingine. Kulikataa jiwe najua, Jinda. Hilo najua. Nikikubali, nitakula na nani?"

Mimi mwenyewe nakula peke yangu, na najua kijiko kinavyolia kwenye sahani nyumba ikiwa kimya. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, ingawa dalali hakai meza ya mnunuzi. Tukalitazama lile jiwe wote wawili mpaka mwanga ukaanza kupungua barabarani.

Kisha akachukua kikaratasi kipya. Akaandika bei ile ile ya asubuhi, ingawa jiwe limepungua, akazungusha selotepu pande zote na kuikandamiza kwa kidole gumba. Akasaini.

"Kimbia," akaniambia, "kabla sijaanza kulitafutia kasoro nyingine."

Nikavua ndala nikazishika mkononi, nikakimbia, kwa sababu namjua.